Gesi ya Chooni: Somo Kutoka Namuwongo

(Muziki, kisha unashuka.)

MTANGAZAJI: Leo tunazungumzia majitaka, na gesi inayotoka humo na kuongeza joto duniani.

Twende Namuwongo, Kampala, mtaa uliobanana kati ya reli na mfereji wa Nakivubo. Maji ya mfereji huo hupita kwenye kinamasi, kisha huingia Ziwa Victoria, katika ghuba ileile ambako mitambo ya Gaba huvuta maji ya kunywa ya jiji.

Kinyesi kikikaa ndani ya maji bila kupata hewa, vijidudu hukiozesha na kutoa gesi ya methani. Haina rangi wala harufu. Harufu ya choo hutoka kwenye gesi nyingine. Katika kipindi cha miaka 100, kilo moja ya methani huongeza joto karibu mara 28 kuliko kilo moja ya hewa ukaa, ile inayotoka kwenye moshi wa magari.

Ng'ambo ya mfereji, Bugolobi, kuna mtambo wa Shirika la Taifa la Maji na Majitaka. Unaweza kusafisha lita milioni 45 kwa siku. Tope linalobaki huozeshwa ndani ya matangi yaliyofunikwa, kwa hiyo methani haitoroki. Inakusanywa na kuchomwa kwenye jenereta, na umeme wake unasaidia kuendesha mtambo wenyewe. Methani ikiungua, hugeuka kuwa hewa ukaa na mvuke, na madhara yake yanapungua sana.

Lakini mtambo kuwa jirani si kuufikia. Nyumba nyingi za Namuwongo hazina bomba la majitaka. Watu wanatumia vyoo vya shimo. Mvua kubwa ikinyesha, mfereji unafurika na mashimo yanajaa maji. Gari la kunyonya choo linataka pesa, na linataka njia ya kupita. Tope lisilofika mtamboni hutoa gesi bure, na huleta kipindupindu.

Kambini hatuna mtambo kama huo, lakini tuna vyoo vya shimo. Tushike mambo matatu.

Kwanza, chimbeni mfereji wa kuepusha maji ya mvua na choo. Shimo kavu hutoa methani kidogo kuliko lililojaa maji.

Pili, msitupe plastiki wala nguo shimoni. Huziba bomba la kunyonya, na choo hakimwagiki tena.

Tatu, mtu asiingie shimoni, hata akidondosha simu. Gesi zilizomo zinaua kwa dakika chache. Wala msiwashe kiberiti kuchungulia ndani, methani hulipuka.

Choo kikikaribia kujaa, iambieni kamati ya maji na usafi sasa, msingoje mvua.



(Muziki.)