Neno "evoke" na Tafsiri Yake kwa Wasemaji wa Kiswahili wa Uvira

Mwanafunzi wa Uvira hukutana na neno la Kiingereza "evoke" akiwa tayari anafahamu neno la Kifaransa "évoquer". Maneno haya yana asili moja, yaani kitenzi cha Kilatini "evocare", chenye maana ya kuita kitu kitoke kilipo. Udugu huo husaidia, lakini pia hupotosha. Kwa Kifaransa, msemaji mkutanoni anaweza "évoquer" tatizo la maji, yaani kuligusia tu. Katika Kiingereza cha kawaida, "evoke" si kugusia jambo, bali ni kuamsha kumbukumbu, hisia au taswira.

Katika kulifasiri neno hili, wengi hukimbilia "kukumbusha". Kitenzi hicho, kinachotokana na "kumbuka" kwa kiambishi cha kusababisha, huwa na yambwa mbili: anayekumbushwa na kinachokumbukwa. Tazama mfano huu: "Harufu ya ndagala wakavu ilimkumbusha mama bandari ya Kalundu." Kiambishi -m- kinamwonyesha mama waziwazi. "Evoke" hakimhitaji, harufu huita bandari, na anayekumbuka anaweza kuachwa bila kutajwa. Tena, "kukumbusha" hubeba madai, kama katika "nakukumbusha deni langu". Maana hiyo haimo katika "evoke".

Tofauti hii si ya kisarufi tu. Mnamo Aprili 2020 Mto Mulongwe ulifurika mjini Uvira, ukaua watu na kubomoa nyumba nyingi. Manusura akisema, "Mvua inanikumbusha usiku ule," kiambishi -ni- ndicho kinachobeba ushuhuda wake. Mfasiri akitumia "evoke" bila kumtaja msemaji, mvua na usiku hubaki, lakini aliyeumia hutoweka katika sentensi. Kwa hiyo hana budi kumrudisha kwa maneno ya ziada.

Kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili, njia ni tatu. Kama kinachoamshwa ni hisia, "kuamsha" hufaa: ngurumo zinaamsha hofu. Kama ni taswira, hufaa "kuleta picha akilini". Kama ni tukio, na anayekumbuka anajulikana, "kukumbusha" hutosha. Kabla ya kuchagua, mfasiri ajiulize: ni nini kinachoitwa, na kinaitwa ndani ya nani?