GPA na pointi zetu za Exetat (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulieleza namna diploma ya Serikali inavyopatikana. Leo tujibu swali la familia nyingi za Fizi na Baraka zilizopitia kambi ya Nyarugusu hadi Marekani: kijana aliyepata asilimia 62 katika Exetat, yaani mtihani wa Serikali wa kumaliza sekondari ya Kongo, ana GPA ngapi?

Wengi hugawa 62 kwa 25, wakapata 2.48, wakavunjika moyo. Hesabu hiyo haifai. Kwetu 50 inatosha kufaulu, na matokeo yakitoka, hata mwenye 55 humwagiwa pauda kichwani huku mtaa ukiimba. Kule, katika shule nyingi, 62 ni D, na chini ya 60 umeanguka. Walimu wetu hubana pointi. 80 ni nadra. Anayesoma buletini ya Baraka kwa kipimo cha Chicago anamdhulumu mtoto.

GPA yenyewe ni wastani. A ni 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1, F ni 0. Kila alama huzidishwa kwa kredi za somo, kisha jumla hugawanywa kwa kredi zote. Mwenye A ya Hesabu (kredi 4), B ya Biolojia (4), B ya Kiingereza (3) na C ya Historia (3) ana pointi 43 kwa kredi 14, yaani 3.07. Akipata A ya Historia na C ya Hesabu, anashuka hadi 2.93, ingawa herufi ni zilezile. Somo lenye kredi nyingi linavuta zaidi.

Halafu GPA hukusanywa miaka yote minne ya sekondari ya Marekani. Sisi tumezoea kukaza buti mwaka wa mwisho kwa ajili ya Exetat. Huko, F ya mwaka wa kwanza huendelea kuvuta wastani chini hadi siku ya kuomba chuo.

Kwa hiyo tunzeni buletini za kila mwaka, si diploma peke yake. Mfasiri atafsiri maneno tu, asiguse namba. Kuzigeuza ni kazi ya wakaguzi wa vyeti wanaotambuliwa na chuo husika. Na mwenye GPA ndogo asikate tamaa: vyuo vya jamii (community colleges) kwa kawaida hupokea kila mwenye cheti cha sekondari, na GPA ya hapo huanza upya.

Wiki ijayo: mfumo wa LMD (lisansi, masta, doktora) wa vyuo vikuu na kredi 180 za lisansi.