Orodha ya Santuri Katika Kompyuta ya Nyumbani

Mtu mwenye santuri ishirini huzijua zote kwa sura ya makava yake, na akiulizwa iko wapi ile ya Ella Fitzgerald hunyosha mkono bila ya kutazama. Lakini mwenye santuri mia sita, ambazo baadhi yake alizirithi, baadhi alizinunua mnadani, na baadhi zimo mikononi mwa marafiki waliokula yamini kwamba watazirudisha, hana budi kuandika orodha, na mara aiandikapo huingia katika taabu ambayo makarani na wakutubi wameijua tangu zamani: orodha iliyopangwa kwa majina ya waimbaji haimfai aulizaye kwa mwaka, na iliyopangwa kwa mwaka haimfai amtafutaye mwimbaji. Wakutubi waliitibu taabu hiyo kwa kadi, wakakiandika kitabu kimoja katika kadi mbili au tatu na kuzitia katika droo mbalimbali. Dawa ile ilifaa, ila ilikula siku nyingi na mikono mingi.

Mwaka 1984 kampuni ya Apple ya Marekani ilitoa, kwa bei ya dola 250, programu iitwayo AppleWorks, ambayo ndani yake mlikuwa na vyombo vitatu: cha kuandikia barua, cha kufanyia hesabu za jedwali, na cha kutunzia orodha, yaani kile ambacho wataalamu hukiita hifadhidata. Mtungaji wake, Rupert Lissner, alikuwa amekwisha kutunga programu ya orodha peke yake, QuickFile, na tabia nyingi za ile ya kwanza zilirithiwa na hii. Ilikusudiwa kompyuta za nyumbani na za shule kama Apple IIe, iliyotoka Januari 1983 kwa dola 1,395 ikiwa na kumbukumbu ya kilobaiti 64, kiasi ambacho picha moja iliyopigwa kwa simu ya leo haiwezi kuenea humo. Kwetu Afrika Mashariki mashine za namna hii zilikuwa adimu, na Tanzania Bara mlango ulikuwa umefungwa kwa sheria, kwa kuwa mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni nchini. Kwa hiyo si ajabu kama msomaji wa makamo hakuwahi kuiona.

Aliyetaka kuitumia alianza kwa kutia diski ya kwanza, ile pana ya plastiki laini iliyochukua kilobaiti 140, akawasha mashine, akangoja. Kisha programu ikamwomba atoe diski hiyo atie ya pili, na baada ya hapo ikamwuliza tarehe ya leo, kwani mashine yenyewe, kama haikuongezewa saa, haikuwa na njia ya kuijua. Mambo haya yalikuwa ya dakika chache tu. Shughuli yenye uzito ilimngoja mbele, pale programu ilipomtaka, kabla ya kuandika hata santuri moja, ataje vipengele vya orodha yake, navyo visizidi thelathini.

Hapo ndipo nionapo mimi kwamba kazi yote ilikuwapo, na yaliyosalia yalikuwa kupigapiga vitufe tu. Mwenye santuri atataja nini? Mwimbaji, jina la santuri, mwaka, kampuni, rafu, na aliyeazima: sita hivi hutosha, na kila kimoja ni ahadi kwamba siku moja ataulizwa swali litakalojibiwa nacho. Asipoweka kipengele cha aliyeazima, hakuna hila yoyote ya programu itakayomwambia santuri zake ziko kwa nani, maana mashine haijui lisiloandikwa. Na hata akikiweka, lazima awe na kauli moja. Akiandika leo Ellington, Duke na kesho Duke Ellington, programu itampanga mtu yule yule mara mbili, mara chini ya E na mara chini ya D, bila ya haya wala shaka. Akiandika RCA mahali pengine na RCA Victor mahali pengine, atajikuta ana kampuni mbili. Karani wa kibinadamu angetabasamu akasahihisha, ilhali kompyuta hulinganisha herufi na herufi, basi.

Ilikuwamo, hata hivyo, hila moja ya kupendeza. Programu ilikuwa ikisoma jina la kipengele, na kama ndani yake mlikuwa na neno la Kiingereza la tarehe, iliyachukua yote yatakayoandikwa humo kuwa tarehe, ikayapa sura moja na kuweza kuyapanga kwa mfuatano wa siku. Bila shaka ambaye angekiita kipengele chake kwa Kiswahili asingepata hisani hiyo.

Orodha ikiisha kuandikwa, ilitazamwa kwa namna mbili: kadi moja moja, ikijaza skrini na vipengele vyake vyote, au kwa mistari, santuri moja kila mstari, zikifuatana kama katika leja. Kwenye kibodi palikuwa na kitufe chenye alama ya tufaha lisilojazwa rangi, na mtu akikibonyeza pamoja na herufi Z alihama kutoka namna hii hadi ile. Pamoja na F alitafuta neno popote lilipo. Pamoja na A alipanga orodha nzima upya kwa kipengele alichosimama juu yake. Katika kupanga huko aliulizwa kama ataka mpango wa abjadi au wa tarakimu, na swali hilo halikuwa la bure, kwa sababu kwa mpango wa abjadi rafu ya 10 hutangulia rafu ya 9, madhali herufi ya kwanza ya 10 ni 1, na programu ikipanga kwa herufi haina habari ya thamani.

Pamoja na herufi R zilikuja kanuni za kuchagua, nazo kwangu ndizo zilizostahiki bei yote ya programu. Mtu aliagiza, kwa kuchagua maneno katika orodha fupi wala si kwa kuyatunga, kwamba aonyeshwe kadi ambazo kipengele cha aliyeazima hakiko tupu, na mara wadeni wake wote wakasimama mbele yake. Akaongeza sharti la pili, kwamba mwaka uwe kabla ya 1960, na la tatu akipenda, lakini la nne hapakuwa na nafasi yake. Kadi zilizofichika hazikupotea, zilikuwa nyuma tu, zikingoja kanuni ziondolewe. Mtu aliyezoea dBASE II, programu mashuhuri ya zama zile iliyotokana na kazi ya Wayne Ratliff, mhandisi wa Jet Propulsion Laboratory huko California aliyeianza ili imsaidie kubashiri mechi za futiboli ya Kimarekani, angeyaona haya kuwa ya kitoto, kwa kuwa dBASE ilifanya mengi zaidi. Ila dBASE ilimkaribisha mgeni kwa nukta moja katika skrini tupu, na asiyejua amri za kuandika mbele ya nukta ile alibaki akiitazama.

Sasa tuje kwenye mpaka wa chombo hiki. Mwaka 1965 RCA Victor ilitoa santuri ya Harry Belafonte na Miriam Makeba pamoja, ile yenye wimbo wetu wa Malaika. Kipengele cha mwimbaji ni kimoja, na waimbaji ni wawili. Ukiwaandika wote humo, Belafonte mbele, orodha ya abjadi itaiweka chini ya B, na amtafutaye Makeba kwa kupitisha macho katika M hataiona, ingawa akitumia F ataipata. Ukifungua kadi mbili, utakuwa na santuri mbili katika orodha na moja rafuni, na siku utakapoiazimisha itakubidi ukumbuke kuandika jina la mwazimaji mara mbili. Ukiweka kipengele cha mwimbaji wa pili, kitakaa tupu katika kadi mia tano, na siku ya kuja santuri ya kwaya hakitatosha. Tatizo hili lilikuwa limekwisha kupatiwa ufumbuzi tangu 1970 na Edgar F. Codd, Mwingereza aliyefanya kazi katika IBM huko San Jose, ambaye alionyesha kwamba yafaa mambo yagawanywe katika majedwali mbalimbali, la santuri lao, la waimbaji lao, na la tatu la kusema nani aliimba katika ipi, kisha yaunganishwe wakati wa kuuliza. AppleWorks haikuwa na uwezo huo: jedwali lake lilikuwa moja, bapa, lisilo na jamaa. Nami silihesabu hilo kuwa aibu kwake, kwa sababu mtu wa kawaida huelewa jedwali moja kwa kulitazama, na majedwali matatu huhitaji mwalimu.

Jambo lililowatia watu hofu zaidi lilikuwa umeme. Orodha nzima ilikaa katika kumbukumbu ya mashine wakati wa kazi, ndiyo maana mambo yalikwenda haraka, lakini pia ndiyo maana umeme ukikatika kabla ya mtu kuhifadhi katika diski, jasho la mchana kutwa lilikwenda bure. Na kumbukumbu yenyewe ilikuwa na kipimo: katika mashine ya kilobaiti 64 orodha ilibakiziwa kilobaiti 10 tu, yaani, tukikisia herufi 80 kwa kadi, santuri 128, ilhali aliyenunua kadi ya ziada ya kumbukumbu na kuifikisha mashine kwenye kilobaiti 128 alipata kilobaiti 55, zinazotosha santuri 700 hivi kwa hesabu ya juujuu. Mwenzetu wa santuri mia sita alienea, alimradi asiandike maelezo marefu.

Mwisho wa yote palikuwa na kuchapa. Programu ilichapa kwa safu, au kwa mfano wa lebo za bahasha, na vyama vingi na makanisa yaliipenda kwa lebo hizo kuliko kwa jambo lingine. Lakini pale ilipouliza ichapie wapi, katika majibu yaliyoorodheshwa chini ya majina ya printa palikuwa na moja ambalo wengi walilipita: kuchapia katika faili ya herufi tupu ndani ya diski. Aliyelichagua hilo alipata orodha yake isiyo na mapambo wala alama za siri za AppleWorks, maandishi ambayo kompyuta ya aina nyingine, ikiisha kupelekewa kwa waya au kwa simu, iliweza kuyasoma bila ya kuijua programu iliyoyazaa.