Pilipili ya Kibwezi na miguu inayowaka moto

Mchumaji wa pilipili kichaa kule Kibwezi, Makueni, hapangusi jicho kabla ya kunawa, tena hanawi kwa maji matupu. Kapsaisini, kemikali inayowasha, haiyeyuki vizuri majini. Hutolewa kwa mafuta ya kupikia au maziwa. Pasua tunda uone inakokaa: si ndani ya mbegu, bali kwenye ule utando mweupe unaozishika.

Lakini kemikali hiyohiyo hutuliza maumivu. Mwaka 1997, David Julius na wenzake huko San Francisco, Marekani, walitambua TRPV1, kipokezi cha neva kinachoamshwa na kapsaisini na vilevile na joto kali. Ndiyo sababu pilipili huwasha kama moto. Kazi hiyo ilimletea Julius Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Neva ikipewa kapsaisini nyingi kwa mpigo huzidiwa, ncha zake zikanywea, ikakaa majuma mengi bila kupeleka habari ya maumivu.

Leo kuna krimu ya kapsaisini ya asilimia 0.075, na plasta kali ya asilimia 8. Marekani iliidhinisha plasta hiyo mwaka 2009 kwa maumivu yanayobaki baada ya mkanda wa jeshi, na mwaka 2020 kwa wagonjwa wa kisukari ambao nyayo zao huwaka usiku kucha. Mhudumu wa afya huibandika miguuni kwa nusu saa. Nafuu yaweza kufika miezi mitatu. Kisukari chenyewe haikigusi.

Je, pilipili ya Makueni na ya kaunti jirani ya Kitui yaweza kutengenezewa dawa kama hizo? Ukali inao. Kinachonitia wasiwasi ni uanikaji. Mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125 nchini Kenya, na kaunti hizi mbili ndizo zilizoumia zaidi. Kuvu inayotoa sumu hiyo huipata pia pilipili iliyoanikwa chini kwenye udongo. Wavu ulioinuliwa juu ya vigingi ungesaidia kuliko hotuba nyingi za uongezaji thamani, na serikali za kaunti zianzie hapo.

Nawe ambaye miguu yako inawaka, usijipake pilipili ya kutwanga. Haina kipimo, na mguu uliokufa ganzi huungua mwenyewe asijue. Nenda zahanati, upimwe sukari, uonyeshe nyayo zako.