Je, Wajua? Mkono Uliomfikisha Maabara

Nyuma ya wanawake wengi waliobobea katika sayansi kuna mtu au mpango uliowashika mkono. Baadhi ya misaada hiyo itakushangaza.

Je, wajua kwamba Marie Curie na dada yake walisomeshana kwa zamu? Chuo Kikuu cha Warsaw hakikupokea wanawake. Marie akafundisha watoto katika nyumba za watu, huku akimtumia pesa Bronisława, aliyekuwa akisomea udaktari Paris. Mwaka 1891 zamu ikageuka: Bronisława akampokea mdogo wake Paris. Marie akaja kupata Tuzo mbili za Nobel, ya fizikia mwaka 1903 na ya kemia mwaka 1911.

Je, wajua kwamba Wangari Maathai alisomea biolojia Kansas, Marekani, kwa ufadhili alioupata mwaka 1960? Mwaka 1971 alitunukiwa shahada ya uzamivu na Chuo Kikuu cha Nairobi, akiwa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kufikia ngazi hiyo. Utafiti wake ulihusu anatomia ya mifugo, si miti iliyokuja kumpa umaarufu.

Je, wajua kwamba Uganda iliwahi kuongeza pointi? Kuanzia mwaka 1990, kila msichana aliyeomba chuo kikuu cha umma aliongezewa pointi 1.5. Wanawake wakaongezeka katika Chuo Kikuu cha Makerere, ila wengi waliingia kozi za sanaa. Pointi hazimpi mtu fizikia ambayo hakufundishwa sekondari.

Je, wajua kwamba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilijaribu njia nyingine? Katika miaka hiyohiyo ya 1990, wasichana waliokosa pointi chache za kuingia kozi za sayansi waliitwa chuoni kabla ya masomo kuanza. Walipigwa msasa kwa wiki kadhaa, wakatahiniwa, na waliofaulu wakadahiliwa.

Je, wajua kwamba hata tamthilia imesaidia? Mwaka 1996 wataalamu wa sanaa za maonyesho wa chuo hichohicho, akiwemo Penina Muhando Mlama, mtunzi wa *Hatia*, walianzisha programu ya Tuseme. Wasichana wa sekondari huchambua kero zinazowakwamisha shuleni, kisha huziigiza mbele ya walimu na wazazi. Shirika la elimu ya wasichana, FAWE, likaieneza katika nchi nyingine za Afrika, sambamba na mipango yake ya kuwahimiza wasichana wasome sayansi na hisabati.

Je, wajua kwamba mradi wa kuboresha elimu ya sekondari Tanzania, SEQUIP, ulipanga shule 26 za bweni za wasichana zenye mkazo wa sayansi, moja kwa kila mkoa wa Tanzania Bara? Anayelala bwenini hana safari ndefu ya kila siku, wala jioni yake haiishii kisimani na jikoni.

Je, wajua kwamba Esther Mwaikambo, mwanamke wa kwanza Mtanzania kuwa daktari, alisomea Moscow? Mwaka 1987 aliongoza kuanzishwa kwa MEWATA, chama cha madaktari wanawake. Aliyetangulia peke yake aliwaachia waliomfuata chama cha kuegemea.