Kipimo kipi cha moyo kinastahili pesa yako

Hospitali binafsi za Dar es Salaam na Nairobi siku hizi huuza uchunguzi wa moyo kwa kifurushi: ECG, eko, damu, pengine na kipimo cha mazoezi, vyote kwa bei moja. Ukipiga hesabu ya kulipia kimoja kimoja, unaona umepata nafuu. Lakini mwenye presha ya miaka mingi, anayeshtuliwa usiku na moyo kwenda mbio, na anayebanwa kifua kila akipanda mlima wana maswali matatu tofauti, na hakuna kipimo kinachoyajibu yote. Anza na swali lako, ndipo uulize bei.

Kipimo cha bei ya chini kuliko vyote ni ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo. Unabandikwa waya 10 kifuani, mikononi na miguuni, mashine inarekodi kwa sekunde chache, karatasi inatoka. Hakiumi wala hakina mionzi. Kinaonyesha mapigo yaliyovurugika, shambulio linaloendelea, kovu la shambulio la zamani, na mara nyingine dalili za kuta za moyo zilizonenepa kwa sababu ya presha. Udhaifu wake ni kwamba mtu aliyelala kitandani kwa utulivu anaweza kutoa ECG safi kabisa huku mishipa ya moyo wake imeanza kuziba. Kwa hiyo neno "kawaida" kwenye karatasi ile si cheti cha afya. Nyingi ya karatasi hizo hufifia kadiri miezi inavyopita. Ipige picha kwa simu siku hiyo hiyo, maana ECG ya zamani humsaidia sana daktari kujua kipi ni kipya.

Kama tatizo ni mapigo yanayokuja na kuondoka, kuna mashine ya Holter unayovaa saa 24 au 48 ukiendelea na shughuli zako. Inafaa ikiwa dalili zinakuja karibu kila siku. Zikija mara moja kwa mwezi, Holter ya siku moja ina uwezekano mkubwa wa kurudi tupu, na utakuwa umelipa bure. Uliza kama kuna ya muda mrefu zaidi.

Ningeulizwa ni kipimo gani chenye thamani kubwa kwa shilingi ya Mwafrika Mashariki, ningesema eko. Hiki ni kipimo cha mawimbi ya sauti, kama kile cha wajawazito, na hata mjamzito anapimwa bila wasiwasi. Sababu iko kwenye magonjwa yetu yenyewe. Wagonjwa wengi wa moyo huku wana moyo uliochoshwa na presha, valvu zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi tangu utotoni, au misuli iliyolegea, ukiwemo ule ugonjwa unaowapata baadhi ya akina mama karibu na kujifungua. Yote hayo eko inayaona: unene wa kuta, valvu inayovuja au iliyobana, maji yaliyozunguka moyo, na asilimia ya damu inayosukumwa kwa kila pigo. Asilimia 55 kwenda juu ni nzuri. Chini ya 40 moyo umedhoofika waziwazi.

Ila eko ni kipimo cha mkono na jicho. Mashine ile ile, mpimaji mwenye haraka ataandika mistari miwili, mwingine atakupa ripoti yenye vipimo vyote. Ukikuta pahali bei imeshuka mno, uliza nani anapima, nani anasoma, na kama utapewa ripoti ya maandishi pamoja na picha. Eko itakayorudiwa hospitali ya rufaa si rahisi tena.

Mishipa iliyoziba ni habari nyingine, na hapo bei hupanda. Kipimo cha mazoezi ndicho nafuu: unatembea kwenye mashine inayoongezwa kasi na mwinuko kila baada ya dakika 3, ECG ikiwa mwilini. Wa miaka 50 hulengwa afikie mapigo kama 145 kwa dakika. Hakimfai mwenye magoti mabovu wala ambaye ECG yake tayari imepinda, na wakati mwingine hutoa hofu ya uongo, hasa kwa wanawake.

CT skani ya mishipa ya moyo ni ghali zaidi. Inatumia dawa ya rangi yenye ayodini, hivyo figo hupimwa kwanza, na mionzi yake ni sawa na ya makumi ya eksirei za kifua. Nguvu yake ni kuondoa shaka: ikitoka safi, hakuna haja ya kwenda mbali zaidi kutafuta mishipa iliyoziba.

Juu kabisa ni kathlabu, ambako mrija hupitishwa mkononi au kwenye paja hadi moyoni. Zamani wagonjwa wengi wa Tanzania walipelekwa India. Sasa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, pale Muhimbili, inafanya kazi hiyo. Faida yake kubwa ni kwamba mshipa unaweza kuzibuliwa na kuwekewa stenti papo hapo. Lakini utafiti wa ISCHEMIA, uliochapishwa mwaka 2020 na kuhusisha wagonjwa 5,179 wa nchi 37, ulionyesha kuwa kwa wenye hali tulivu, waliopelekwa haraka kathlabu hawakupungukiwa na vifo kuliko walioanzishiwa dawa, ingawa wenye maumivu ya kifua walipata ahueni zaidi. Muulize daktari: majibu yakitoka, matibabu yangu yatabadilika vipi? Akikosa jibu, subiri kulipa.

Bei ya dirishani isikudanganye. Uliza kama imejumuisha dawa ya rangi, kipimo cha figo, ada ya daktari na kitanda, na kama bima inataka kibali kwanza. Anayetoka Kigoma au Songea aongeze nauli na malazi, yake na ya msindikizaji.

Haya yote ni ya mwenye muda. Kifua kikibana zaidi ya dakika 15, jasho likitoka na maumivu yakishuka mkononi au kupanda tayani, usilinganishe bei popote: nenda hospitali yenye huduma ya dharura, uombe ECG ndani ya dakika 10 za kufika.