Motokari ya okazyo: karatasi inasema nini, moshi unasema nini

Motokari nyingi za okazyo za Lubumbashi zimetembea kwanza Japani. Zinashuka Dar es Salaam na kuingia kwa Kasumbalesa, njia ileile ambako kobalti ya batri za motokari za umeme inatokea.

Muuzaji anaonyesha karatasi: pengine kilomita 18 kwa lita. Si uongo, lakini zilipimwa gari ikiwa mpya, ndani ya maabara. Huku vumbi linaziba chujio ya hewa, na esansi inaungua bure kwenye foleni.

Shida kubwa ni katalizeri, chombo cha kusafisha moshi kwenye bomba. Ndani mna platini na paladi, madini ya bei kali, kwa hiyo wengine wanaitoa na kuiuza. Gari inaendelea kutembea, mnunuzi hajui kitu. Ila kaboni monoksidi, sumu isiyoonekana wala kunukia, inatoka nyingi zaidi, na wanaoivuta ni mama wanaouza pembeni ya barabara.

Kenya inakataza kuingiza gari iliyopita miaka 8. Inasaidia, lakini umri hausemi kama katalizeri iko ao haiko. Kabla ya kutoa pesa, mwite fundi aangalie chini ya gari: akikuta bomba tupu limechomelewa pale, ilikwisha kutolewa.